Inakojoa

Imeletwa usiku juu ya lori la kabichi,
imefungwa kamba ya katani na shuka kuukuu,
injini ya boti kutoka Naivasha.
Hapa Kariobangi, ambapo ziwa letu
ni dimbwi mbele ya duka la vyuma chakavu,
Kivuva amekwisha kuipa cheo:
"Fundi, meli imetia nanga." Akacheka peke yake.

Imenizidi umri kwa mwaka mmoja.
Mwenyewe, Bi Nyaguthii, ameifungia karatasi shingoni:
*Inachemka.*
Basi. Neno moja,
kama mgonjwa aliyechoka kujieleza.

Naanza mkiani. Nafungua pampu ya maji,
natoa kigurudumu cha raba chenye mabawa sita.
Matano yamelala upande mmoja kama foleni iliyochoka.
La sita halipo.

Wengi hutupa raba kuukuu, hufunga mpya, hupokea pesa.
Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza
Shikuku alinizaba kofi la kisogo:
"Bawa lililokatika halikupaa mbinguni. Litafute!"

Nikalitafuta.
Kwenye bomba la shaba, mchanga.
Nyuzi za gugumaji, kavu kama tumbaku.
Gamba la konokono, jeupe, zima, lisilo na mtu.
Boliti ya pili ya kichwa ikakatikia ndani
nikatukana, kisha nikaomba radhi, sijui kwa nani.
Na kichwa kilipong'oka: ukoko.
Njia zote za maji zimevaa ukoko,
sufuria ya wali iliyosahauliwa na ukoo mzima.
Nikakwangua kwa bisibisi butu. Nikamimina siki,
ikafoka povu, ikanuka kachumbari mpaka saa saba.

Bawa, hakuna.

Thamostati nikaitumbukiza kwenye sufuria yetu ya chai.
"Na chai je?"
"Subiri. Tuone kama bado inalijua joto."
Maji yakatoa mapovu, yakachemka, yakarukaruka,
nayo imefumba tu
kama jicho la mtu anayejifanya amelala.
Nikarudi kuchungulia pale ilipokuwa imekaa,
sitafuti kitu tena, nafuta uchafu tu kwa kitambaa,
na kidole kikagusa kitu laini.
Bawa la sita. Dogo kama ukucha.
Kumbe ndilo lililokuwa likimchemsha mzee wa watu.

Maji ya bomba huku huja Alhamisi.
Leo Jumanne. Nikamwita mwenye mkokoteni,
mitungi kumi, thelathini kwa kila mmoja,
tukajaza pipa, tukauning'iniza mkia ndani.
Mama Nekesa akasimama mlangoni, kanga kiunoni:
"Binti, chuma kinakunywa, sisi tunatazama?"
"Hakinywi, mama. Kinayapitisha tu."
Akaguna mguno ambao una maana zaidi ya moja.

Raba mpya nimeizungukia Grogan nzima.
Nikavuta kamba. Kimya.
Nikavuta. Kikohozi.
Nikavuta kwa mikono miwili na jina la Shikuku
ikanguruma, moshi ukatanda mpaka kwa kinyozi.
Nikainama kwenye kijitundu cha ubavuni.
Kikavu.
Nikahesabu: nane, tisa. Kikavu.
Kumi na moja, mkono wangu tayari kwenye swichi,
kumi na mbili,
uzi wa maji ukachomoza, ukasita, ukarefuka.

"Inakojoa!" Kivuva akapiga kelele
na watoto wa njia nzima wakaja kuiona.
Nikatia kidole. Uvuguvugu,
kama paji la mtoto homa iliposhuka.

Nikaandika nyuma ya karatasi ya Bi Nyaguthii:
*Haichemki. Kila Desemba badilisha raba
hata kama ni nzima. Hasa kama ni nzima.*

Nilipoinua kichwa, Mama Nekesa ameshatega ndoo.
"Mama, yana mafuta hayo."
"Ya kudekia," akasema. "Sakafu haina tumbo."

Chai ya jioni ilikuwa na ladha ya shaba.
Tuliinywa.